Majani Chini ya Kibanda Cheupe

Yusta, mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga Majengo, na kwa jinsi ninavyowajua wale mama zako wadogo, hawatakuachia mpaka umekula kwa kila mmoja wao. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika kabla jua halijazama. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako, nimegeukia uwanja, na begi lako liko hapa mlangoni limefungwa kamba kwa sababu zipu yake ilikataa. Nitaitia barua hii humo pembeni, chini ya kanga, mahali ambapo hutaangalia mpaka treni iwe imekwisha kupita Kaliua.

Sitakuandikia habari za kula vizuri wala kuvaa sweta. Hayo nilikuambia ulipokwenda Tabora kuanza sekondari, ukaitikia "ndiyo mama" na hukufanya hata moja, na bado umekua. Wala sitakuonya juu ya wavulana wa Dar es Salaam. Kijana atakayetaka kukudanganya wewe kwa hesabu zake, namhurumia yeye.

Nataka tu kukwambia ninavyojivuna. Mdomoni neno hilo halinitoki. Nikikuangalia nataka kulisema, kisha najikuta nasema, "Umeosha masufuria?" Basi acha kalamu iseme.

Ngoja nianze na baba yako, maana kila kitu kilianzia kwake. Wewe unamkumbuka kidogo, kofia na kikohozi. Mimi namkumbuka akiwa ameinama na fyekeo. Alipopewa kazi ya kupima hali ya hewa hapa kwenye kituo cha kilimo, alikabidhiwa vitu vichache tu: kipimamvua, kile kibanda cheupe cha mbao kilichosimama kwa miguu minne na vipimajoto ndani yake, na wigo wa seng'enge kuzunguka eneo lote. Eneo lile lilikuwa na majani. Kila wiki aliyafyeka yakabaki mafupi, lakini hakuyang'oa hata siku moja. Nilikuwa nikimtania, namwambia, "Mume wangu, hata mbuzi wa jirani angeifanya kazi hiyo bila mshahara." Anacheka, anaendelea kufyeka. Sikumuuliza kwa nini, na yeye hakunieleza. Nadhani alidhani najua.

Alipokuwa akishikwa na homa, mimi ndiye niliyekwenda kusoma badala yake. Alinifundisha kusogeza jicho mpaka liwe sawa na uzi wa zebaki, nisiangalie kutoka juu wala kutoka chini. Alinifundisha kutokukisia. Na alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: fomu isipelekwe Dar ikiwa na nafasi tupu. Mvua inyeshe, msiba uwe jirani, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri utamkuta mbele ya kile kibanda. Na kweli, hata siku ile alipozidiwa aliniambia, "Nenda kasome kwanza, ndiyo uje uniitie watu." Nilikwenda nikasoma. Niliporudi alikuwa bado anapumua, akanitazama kuona kama nimekwenda. Jioni hiyo hiyo alituacha.

Sasa nikwambie habari za ufagio, ingawa nusu yake unaijua.

Wewe umezaliwa mjini, mimi nimezaliwa Majimoto. Kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Mgeni kabla hajakusalimia anatazama chini. Akiona majani mlangoni kwako, ameshajua yote: wewe ni mvivu, nyoka ni majirani zako, na mumeo ana shida. Bibi yako alituamsha gizani tufagie mpaka udongo unang'aa na mistari ya ufagio inaonekana. Hayo ndiyo niliyokuja nayo kwenye ndoa.

Msiba wa baba yako ulipokuja, watu walijaa. Wengine walilala kule kule ndani ya wigo, maana nyumba haikutosha. Nilijua watu wa ofisi watakuja kutoa pole, na nilijua vile vile kuwa watakuja kutazama. Mjane atafanya nini na kazi ya mume wake? Basi nilichukua jembe nikayang'oa yale majani yote, mpaka mizizi, nikafagia. Asubuhi yake lile eneo lilikuwa safi kama sakafu ya kanisa. Mkubwa wa kituo wa wakati ule alisimama akatazama, akasema, "Mama, hapa umepaweka vizuri kuliko marehemu." Wiki iliyofuata wakaniandikia barua ya kazi.

Kuanzia hapo nilifagia kila siku ya Mungu. Sikufagia kwa ajili ya ofisi tu, Yusta. Kila nilipoamka na kumkosa mtu upande wa pili wa kitanda, nilikwenda nikafagia pale alipokuwa akifanya kazi. Nilifagia huku nazungumza naye. Ndivyo nilivyolia, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na sikutaka unione.

Na sheria yake ya nafasi tupu niliishika kuliko alivyoishika yeye mwenyewe. Nikwambie inayoniuma. Ulipokwenda Tabora mara ya kwanza, treni iliondoka mchana wa karibu na saa tisa. Nilikuaga hapa hapa kwenye wigo. Mama Zubeda, jirani yetu, ndiye aliyekubebea sanduku mpaka stesheni. Uligeuka mara moja pale kwenye kona ya ghala, ukanipungia, na mimi nikakupungia kwa mkono wenye kalamu. Kisha nikageuka nikasoma kipimajoto. Niliona ni ushujaa. Nilidhani baba yako angefurahi. Usiku nikakumbuka sura yako pale kwenye kona, lakini treni haigeuzwi.

Hukulisema hilo hata mara moja. Kama umelisahau, sawa. Mimi sijalisahau.

Haya, tuje kwenye ile grafu.

Ulikuwa kidato cha tano, umekuja likizo, na umejaa hesabu mpaka unaongea nazo ukiwa unamenya mihogo. Ukaomba nakala za fomu zote, za baba yako na zangu. Ukazitandaza sakafuni nyumba nzima, nikawa natembea kwa kuruka ruka. Nikakuuliza wastani ni kitu gani, ukanieleza kwa mfano niliouelewa mara moja: ni kama wavunaji wamemwaga mpunga wao wote pamoja, aliyepata sana na aliyepata kidogo, kisha wakagawana sawa kwa sawa. Ulitafuta wastani wa joto la mchana wa kila mwaka, ukaweka nukta moja moja kwenye karatasi, ukaziunganisha kwa mstari.

Bwana Kilimo alipoiona ile karatasi alifurahi kama mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. Unamjua mkubwa wetu yule, ni mtu mwema, ila ana haraka. "Mpanda inachemka!" akasema. Akataka aipeleke kwenye mkutano wa wakulima wa mpunga Majimoto, awaambie waache mbegu zao za zamani zinazokaa shambani muda mrefu, wachukue za muda mfupi, kwa sababu nchi imebadilika na hesabu zimethibitisha. Na mimi nilivimba kichwa. Kazi ya baba yako na yangu inakwenda kusomwa mbele ya watu, tena kwetu, mbele ya wajomba zako!

Wewe peke yako ndiye hukufurahi. Uliitazama ile karatasi siku mbili tatu. Kisha ukaniita, ukaweka kidole mahali ambapo mstari unapanda, ukaniuliza, "Mama, mwaka huu kulitokea nini?"

Nilitazama. Ulikuwa mwaka aliofariki baba yako.

Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Joto la nchi lingepanda pole pole, mwaka mwingine likishuka, mwaka mwingine likipanda tena. Hili limeruka mara moja, likakaa huko huko. Kitu kilibadilika hapa hapa, mama. Kabla yake kuna baba. Baada yake kuna wewe."

Nilichosikia mimi ni kwamba nimesoma vibaya miaka yote. Nilisikia mtoto niliyemsomesha kwa kazi hii hii akiniambia sikuiweza. Nikakujibu maneno ambayo kama yangekuwa mawe ningeyaokota: "Nyie mkishafika kidato cha tano mnawaona wazazi wenu wajinga. Baba yako angekuwepo usingethubutu." Halafu ukasema, "Mama ukisema niache, naacha."

Nikasema, "Acha."

Ukaacha. Ukakunja ile karatasi, ukaosha vyombo, ukarudi shule likizo ilipokwisha. Hukuninunia. Ungeninunia ingekuwa nafuu, ningepata sababu ya kukasirika zaidi.

Nilikaa na hasira yangu msimu mzima. Nilifagia kwa nguvu mpaka Mama Zubeda akaniuliza kama natafuta madini. Kisha alasiri moja ya mwezi wa kumi, wakati jua letu lile linapopiga kabla mvua hazijaja, ndala yangu ilikatika njiani nikaingia ndani ya wigo peku. Nilifungua kile kibanda, nikaanza kusoma, nikashindwa kusimama. Udongo ulikuwa unaniunguza nyayo. Nikarukia pembeni, pale chini ya seng'enge ambapo ufagio haufiki na majani yamebaki kidogo. Nikapoa. Nikasimama pale na fomu mkononi. Kisha nikarudisha mguu mmoja kwenye udongo, mwingine nikauacha kwenye majani, hivyo hivyo kama mtoto anayecheza. Mguu mmoja unaungua, mwingine umetulia. Jua ni lile lile.

Nikakiangalia kile kibanda kilivyosimama katikati ya udongo wangu unaong'aa. Nikamwona baba yako na fyekeo lake. Yusta, nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia, kisha nikajikuta nawaza wajomba zako na mbegu zao za mpunga, mbegu alizowaachia babu yako, wanazimwaga kwa sababu dada yao anapenda usafi.

Ile barua fupi niliyokutumia shuleni unaikumbuka. Nilitaka kuandika mengi, nikaandika tu: "Ni ufagio. Ukija likizo tupime." Na wewe ukajibu kwa mstari mmoja: "Asante mama, usiache kufagia wala usipande majani kwanza, nakuja." Nilijibiwa kama karani! Lakini nilicheka peke yangu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukipeleke huko uendako, hata ukisahau mengine yote. Ulikuja, na hukusema, "Nilikwambia." Hata kwa macho hukusema. Ulikwenda kwa Bwana Kilimo ukamwomba vile vipimajoto vya akiba vilivyokuwa stoo. Akakubali kungoja, shingo upande. Fundi Nestori, yule wa Mishamo anayekuja mjini kwa baiskeli na maharage, akatutengenezea kibanda cha pili kama cha kwanza, akakipaka rangi nyeupe. Tukakisimika upande wa pili wa wigo, tulipoacha majani mafupi yaote tena, na kile cha zamani tukakiacha kwenye udongo uliofagiwa. Nikawa nasoma vyote viwili, masika na kiangazi, mpaka mwaka ukazunguka.

Mji mzima ulinicheka. Mama Zubeda alipita akasimama kwenye wigo, mikono kiunoni.

"Mama Yusta, nyie siku hizi mnafuga nyoka?"

"Tunapima joto, jirani."

"Majani yanapima joto?"

"Yanapima."

Akaondoka anatikisa kichwa. Na wiki ile ile kweli akaonekana nyoka, mdogo tu kama kamba ya kiatu, lakini alivyopiga kelele ungedhani chatu. Niliona aibu kiasi kwamba nilishika ufagio. Nilikuwa nimeshauinua. Kisha nikauweka chini nikachukua fyekeo la baba yako. Lilikuwa na kutu. Siku hiyo nililinoa, nikafyeka kama alivyokuwa akifyeka yeye. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke niliongea naye bila kulia.

Ulipomaliza kidato cha sita ulizitandaza tena karatasi sakafuni, nami nikaruka ruka tena. Kila mwezi mchana wa udongo ulikuwa umeuzidi mchana wa majani. Ukakipunguza kile kilichozidi, mwezi kwa mwezi, katika miaka yangu yote ya kufagia. Ukachora upya. Na ule mruko ukatoweka. Miaka ya baba yako na miaka yangu ikashikana mkono.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba basi, kazi yetu haina maana, nchi haijabadilika, tufunge. Ukaniambia, "Bado, mama. Tazama usiku." Ukanionyesha mstari wa joto la chini kabisa, lile la alfajiri ambalo kipimajoto hulishikilia mpaka nilisome saa tatu. Haukuwa na mruko wowote. Ulikuwa unakwenda kwa kuyumba, unashuka, unapanda, lakini ukiutazama kutoka mbali unapanda kidogo kidogo, tangu kwa baba yako mpaka kwangu, bila kujali nani anafagia. Baridi ya alfajiri yetu inapungua. Hilo ni kweli, na lilikuwa limefichwa na kelele za ufagio wangu.

Kisha ukanipa heshima ambayo sitaisahau hadi naingia kaburini. Siku Bwana Kilimo alipotuita ofisini na wenzake, mmoja wao akasema, "Kumbe mama alikuwa anakosea." Ukamjibu kwa adabu, umeshika mikono nyuma kama mbele ya mwalimu:

"Hapana mzee. Mama hakukosea kusoma. Alisoma sawasawa kile kilichokuwepo. Asingesoma kila siku kwa uaminifu vile, nisingeweza kusahihisha chochote. Kosa linalofanana kila siku unaweza kuliondoa. Uongo wa siku moja moja huuwezi."

Bwana Kilimo akavua miwani akaifuta, akasema mpunga wa Majimoto usiguswe, tuendelee kuangalia alfajiri. Nilitazama dirishani. Ningekutazama wewe ningepiga kigelegele mle ofisini, na mimi ni mtumishi wa serikali.

Sasa unakwenda kusomea takwimu, na mwalimu wako ameniambia huko watakupa miaka ya vituo vingi, vya nchi nzima. Utakutana na mistari inayoruka. Utajua haraka kuliko wenzako kwamba kuna kitu. Mimi ombi langu ni dogo. Kabla hujaikata namba ya mtu, kumbuka kwamba huenda pale kwenye mruko yupo mjane na ufagio. Uliza kama ulivyoniuliza mimi: "Mwaka huu kulitokea nini?" Na akikufokea, mpe muda kama ulivyonipa mimi. Wengine tunaelewa kwa nyayo.

Naona Mama Zubeda anakuja huku, na nyuma yake ni wewe, umebeba kuku. Nani amekupa kuku wa kupanda naye treni? Ngoja nimalizie haraka.

Treni kesho wanasema ni mchana, na sisi tunaijua treni ya Mpanda, mchana wake unaweza kufika jioni. Saa tisa itanikuta stesheni. Bwana Kilimo yuko Majimoto, na Mama Zubeda alijitolea anisomee lakini namba hazijui, atanibunia. Nilipokuuliza wiki iliyopita mtu afanye nini kipimo kikikosekana, hukujua naulizia siku gani. Ulinijibu, "Nafasi tupu si aibu, mama. Aache wazi, aandike sababu pembeni."

Basi, kwa mara ya kwanza tangu baba yako alipoishika kazi hii, fomu itakwenda Dar ikiwa na nafasi tupu. Maneno ya pembeni nimeshayatunga, ili siku moja mtoto wa mtu akiweka kidole pale akauliza siku hii kulitokea nini, apate jibu:

"Saa tisa kipimajoto hakikusomwa. Mpimaji alikuwa stesheni, anamsindikiza binti yake."

Mama yako